Sura na Ahadi: Majalada ya Michezo ya Video

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Maneno haya yalikuwa na ukweli mwingi katika soko la kale. Mnunuzi wa chungu alikishika, akakigonga kwa kidole, akasikiliza mlio wake, akajua kama kina ufa au hakina. Mnunuzi wa embe alilinusa na kulibonyeza kabla ya kutoa fedha yake. Chema kilijiuza kwa sababu kilikuwa mbele ya macho ya mnunuzi na mikononi mwake. Lakini zipo bidhaa za zama zetu ambazo haziwezi kugongwa, kunuswa wala kubonyezwa. Mojawapo ni mchezo wa video. Wema wake umo ndani, nao aghalabu hauonekani mpaka mtu amekwisha kuununua na kuucheza kwa muda mrefu. Kitu cha kwanza anachokiona dukani ni picha tu, yaani jalada. Basi, msomaji, nataka tulipime jalada la mchezo kama tunavyopima shairi au tamthilia. Tuulize linasema nini, linasema kwa ustadi gani, na je, linasema kweli?

Usidhani kwamba hili ni jambo dogo lisilostahili fikira za mwanafunzi. Mwaka 2016 ulitolewa mchezo uitwao Stardew Valley, ambao humweka mchezaji katika shamba la kurithi, akalima, akafuga na kufanya urafiki na majirani. Ulitungwa na mtu mmoja, Eric Barone wa Marekani. Kwa zaidi ya miaka minne alichora picha zake mwenyewe, akatunga muziki wake mwenyewe, na akaandika maneno na programu yake mwenyewe. Wapo wengi wa namna yake duniani. Hawana kampuni kubwa nyuma yao, wala hawana fedha za kutangaza kazi zao. Hao ndio tuwaitao watungaji wa kujitegemea, na juu yao ndiko jalada linakobebesha mzigo mzito kuliko kwa wengine wote.

Duka kubwa kuliko yote la michezo ya kompyuta linaitwa Steam. Lilifunguliwa na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2003, nalo halina mlango wala rafu, kwa maana limo katika intaneti. Katika mwaka 2024 pekee, michezo zaidi ya 15,000 iliingizwa katika duka hilo. Igawe hesabu hiyo kwa siku za mwaka, utaona kwamba kila siku iliingia mipya isiyopungua 40. Katika msongamano huo picha ya kila mchezo huonyeshwa kwa vipimo mbalimbali, na kipimo kidogo kabisa ni nukta 120 kwa upana na 45 kwa kimo. Katika kioo cha kompyuta ya kawaida, picha hiyo haizidi sana kidole gumba chako. Kazi ya miaka minne husimama juu ya picha ya ukubwa wa kidole, nayo hupewa nafasi ya kupepesa jicho. Likishindwa jalada, mchezo mwema hufa bila ya kujulikana, na mtungaji hubaki na madeni.

Ili tuwe na kipimo cha kuhukumia, tuazime mfano wa kitu tunachokifahamu sote. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo huizunguka nguo na kuipa rangi inayoonekana toka mbali. Mji ni uwanja wa kati wenye picha au maua. Na jina ni maneno machache yanayosema na mwenye kuyasoma. Mvaaji mwenye busara huangalia yote matatu. Kanga ya rangi nzuri yenye jina baya hainunuliwi kwa zawadi ya mkwe, na kanga ya jina zuri yenye rangi iliyofifia haipendezi harusini. Jalada la mchezo nalo lina rangi, sura na jina. Yote matatu hayana budi kusema neno moja. Rangi ikisema furaha, sura ikasema vita, na jina likasema kitu cha tatu, mnunuzi hupita kama mtu aliyeitwa na watu watatu kwa pamoja asijue amjibu nani.

Tuanze na mifano ya zamani, wakati michezo ilipokuwa ikiuzwa katika masanduku ya karatasi ngumu. Mwaka 1980 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo ulioitwa Adventure, uliotungwa na Warren Robinett. Mashine za wakati huo zilikuwa dhaifu mno. Shujaa wa mchezo huo alikuwa mraba mmoja tu, na majoka yake yalifanana na bata kuliko majoka. Lakini juu ya sanduku, msanii Susan Jaekel alikuwa amechora ngome na majoka kwa rangi za kupendeza. Je, tuseme kwamba jalada hilo lilidanganya? Mhakiki mwenye haraka atasema ndiyo, maana hakuna kitu ndani ya mchezo kilichofanana na picha ile. Mimi nasema la. Mchezo ule ulikuwa kweli ni safari ya kutafuta hazina, wenye ngome za kufunguliwa na majoka ya kukimbiwa. Jalada lilimkopesha mchezaji mawazo ambayo mashine haikuweza kumpa. Ukweli wa jalada, basi, haumo katika kufanana kwa umbo, umo katika kufanana kwa roho.

Linganisha na mfano wa pili. Mwaka 1987 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo ujulikanao Marekani kwa jina la Mega Man. Shujaa wake ni kijana mdogo wa chuma mwenye mavazi ya samawati, na silaha yake ni mkono wake mwenyewe, ambao hugeuka kuwa mzinga. Ndani ya mchezo anapendeza na kuchekesha kama kikaragosi. Lakini jalada lililochorwa kwa ajili ya Marekani lilimwonyesha mtu mzima aliyekunja miguu vibaya, amevaa mavazi ya samawati na manjano, na mkononi ameshika bastola. Hapa umbo limepotea, na roho imepotea pia. Aliyependa watu wazima wenye bastola alikuta kijana wa kuchekesha. Na aliyependa kijana wa kuchekesha hakujua kwamba yumo ndani ya sanduku hilo. Jalada moja liliwapoteza wanunuzi wa namna mbili. Hata leo wapenzi wa michezo hulitaja wanapotaka mfano wa jalada baya.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi, na ndio wenye mafunzo mengi. Mwaka 2001 ulitolewa mchezo wa Kijapani uitwao Ico, ulioongozwa na Fumito Ueda. Ndani yake mvulana mwenye pembe anamshika mkono msichana, na wawili hao wanajaribu kutoroka katika ngome kubwa isiyo na watu. Karibu mchezo mzima ni kushikana mkono na kuogopa kuachana. Kwa jalada la Japani na Ulaya, Ueda alichora picha mwenyewe, akiufuata mfano wa mchoraji Giorgio de Chirico wa Italia. Watoto wawili wadogo wanakimbia katika uwanja mpana, majengo makubwa yamesimama juu yao, na vivuli virefu vimelala chini. Marekani haikuuziwa picha hiyo. Huko liliwekwa jalada lenye uso mkubwa wa mvulana yule mwenye pembe.

Angalia vizuri, msomaji, maana hapa ndipo uhakiki unapohitaji macho makali. Jalada la Marekani halikusema uongo wa umbo. Mvulana yumo kweli katika mchezo, na pembe anazo kweli. Lakini uso mkubwa unasema hivi: huyu ni shujaa, mwangalie yeye. Mchezo wenyewe unasema kinyume: hawa ni wadogo, na dunia iliyowazunguka ni kubwa, na hawana kitu ila mikono yao. Jalada la Ueda lilisema jambo hilo bila ya neno hata moja. Tazama pia lilivyotumia nafasi tupu. Mchoraji mwoga angejaza uwanja ule kwa maadui na panga. Yeye aliuacha wazi, na uwazi ule ndio uliotuonyesha upweke wa watoto wale.

Hata hivyo, sifa hizi zisitufumbe macho. Chukua picha hiyo nzuri ya Ueda, uifinye mpaka iwe na ukubwa wa kidole gumba. Watoto wanakuwa vitone viwili, mikono yao haionekani, na uwanja unakuwa doa la rangi ya mchanga. Jalada lililokuwa hodari juu ya sanduku huwa bubu katika duka la leo. Kwa bahati mbaya, uso mkubwa tulioulaumu ungeonekana vizuri zaidi. Hii ndiyo taabu halisi ya mtungaji wa sasa: udogo wa nafasi humvuta kwenye kelele, na ukweli wa kazi yake humvuta kwenye utulivu. Atafanyaje ili aonekane bila ya kudanganya?

Wengi hushindwa hapa kwa njia mbili. Wa kwanza ni wale wanaojaza. Huweka shujaa, rafiki wa shujaa, adui, joka, moto, umeme na mji unaoungua, vyote katika picha moja, wakidhani kwamba vitu vingi vitavuta wateja wengi. Picha ikifinywa, vyote huchanganyika vikawa kama uji uliomwagika. Wa pili ni wale wanaotegemea maneno. Kwa miaka mingi baadhi ya watungaji walibandika juu ya picha zao alama walizopewa na magazeti, majina ya tuzo na matangazo ya bei kupunguzwa. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2022 Valve iliyakataza hayo yote: picha ya dukani iwe na mchoro wa mchezo, jina lake na jina lake dogo la nyongeza, basi. Naiona amri hiyo kuwa ya haki. Sifa za watu wengine si sura yako. Mtu anayeingia barazani akiwa amejibandika vyeti kifuani huonekana kama asiyejiamini uso wake.

Wapo walioshinda mtihani huu. Mwaka 2010 kampuni ndogo ya Playdead ya Denmark ilitoa mchezo uitwao Limbo. Mchezo mzima ni weusi, weupe na kijivu, na shujaa wake ni kivuli cha mtoto ambaye macho yake mawili tu ndiyo yanayong'aa. Picha yake ya dukani ni hiyo hiyo: mtoto mweusi, macho meupe, ukungu. Ifinye upendavyo, bado nukta mbili nyeupe hukutazama kutoka gizani. Katika duka lililojaa rangi nyekundu na za manjano zinazopigania macho ya wapitao, picha isiyo na rangi yoyote ndiyo iliyojitenga na nyingine zote. Watungaji hawa hawakupiga kelele. Walinyamaza mahali ambapo wengine wote wanapiga kelele, na ukimya wao ukasikika. Tena hawakudanganya, maana mwenye kununua alikuta ndani giza lile lile aliloahidiwa.

Mwaka 2017 vijana wachache wa mji wa Adelaide, Australia, wanaojiita Team Cherry, walitoa mchezo uitwao Hollow Knight. Shujaa wao ni mdudu mdogo mwenye uso mweupe kama kinyago, pembe mbili na macho meusi matupu. Wameuweka uso huo mbele ya rangi za samawati iliyokoza. Huu nao ni uso, msomaji, kama ule wa Ico tulioulaumu. Kwa nini basi tuusifu? Kwa sababu uso huu hausemi neno la ushujaa. Hauna hasira, hauna tabasamu, hauna mdomo. Ni kinyago kitupu, na utupu huo ndio unaotajwa na jina la mchezo na ndio siri inayotafutwa ndani yake. Kadhalika umechorwa kwa mistari michache, hata mtoto aweza kuuchora mchangani kwa kijiti. Hiyo ni alama ya sura iliyotungwa vyema: ukiiona mara moja, waweza kuichora kesho bila ya kuitazama tena.

Mfano wangu wa mwisho ni wa jina. Mwaka 2015 Toby Fox wa Marekani alitoa mchezo uitwao Undertale. Jina lake limeandikwa kwa herufi nyeupe juu ya weusi, na katika herufi mojawapo mmetiwa moyo mdogo mwekundu. Mnunuzi huuona moyo huo kama pambo tu. Akianza kucheza, anatambua kwamba katika kila pambano yeye mwenyewe ndiye moyo huo, akiuendesha huku na huku ili usipigwe. Akizidi kuendelea, anaulizwa kama atawaua maadui zake au atawahurumia, na moyo ule unapata maana nyingine tena. Jalada la namna hii lina faida mbili. Kabla ya kununua hukuita, na baada ya kumaliza hukukumbusha. Lile ulilolipita kama pambo unalirudia kama fumbo lililofumbuliwa.

Kwa habari ya jina kuna shauri moja zaidi, nalo linatuhusu sisi wa Afrika. Mwaka 2016 watungaji wa Kiro'o Games, kutoka Yaoundé nchini Kameruni, walitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, mchezo uliojengwa juu ya hadithi na mila za Kiafrika. Jina hilo lina fahari, lakini ni refu. Maneno matano yakiandikwa kwa ukubwa mmoja katika nafasi ya kidole gumba, hakuna litakalosomeka. Mtungaji mwenye jina refu hana budi kuchagua neno moja libebe mzigo, kama hapo neno Aurion, na mengine yafuate nyuma kwa herufi ndogo. Vijana wetu watakaotunga michezo ya kwao, wakaipa majina ya mashujaa wetu na miji yetu, wakumbuke hilo. Jina lisilosomeka ni sawa na jina lisilotajwa.

Labda utaniuliza: kwa nini tujali ukweli, iwapo uongo wenye rangi kali huuza? Nakujibu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya biashara. Tangu mwaka 2015 duka la Steam humrudishia mnunuzi fedha zake akiomba katika siku 14 za kununua, iwapo hajacheza zaidi ya saa mbili. Aliyevutwa na jalada la uongo hugundua udanganyifu kabla ya saa mbili kwisha, akadai chake, akaenda zake na maneno machungu kinywani. Ya pili ni ya utu. Kijana aliyeweka akiba shilingi kwa shilingi ili anunue mchezo mmoja kwa mwaka amemwamini mtu asiyemjua, kwa ushahidi wa picha moja. Imani hiyo ni deni. Kumlipa kwa kitu kingine ni wizi, ingawa hakuna askari atakayekuja kuushika.

Sasa turudi kwa wahenga. Hawakukosea, walisema juu ya chema kinachoonekana. Chema kilichofichwa ndani ya maelfu hakiwezi kujiuza mpaka kipate sura, na kazi ya jalada ni kukipa sura hiyo bila ya kukibadilisha. Haitoshi kuwa zuri kama lile la Ueda, likiwa halionekani kwa udogo. Wala haitoshi kuonekana kama ule uso mkubwa, likiwa linasema jambo lisilo la mchezo. Mtungaji atafute ndani ya kazi yake kitu kimoja kilicho kidogo kwa umbo na kikubwa kwa maana: macho mawili gizani, kinyago kitupu, moyo ndani ya herufi. Picha pana yenye uwanja na vivuli aiweke palipo na nafasi pana, maana dukani zipo nafasi kubwa na ndogo; lakini asiifinye picha moja ikafaa kila mahali, kama vile fundi asivyoikata kanzu ya baba ili imwenee mtoto kwa kuipunguza pindo tu.

Nawe, msomaji, usiache somo hili katika karatasi. Litafute jalada lolote, liwe la mchezo, la kitabu au la gazeti la shule yenu. Lichore upya katika kipande cha karatasi kisichozidi kidole gumba chako, kisha umpe mwenzako ambaye hajaliona, umuulize maswali matatu. Unaona nini? Unadhani ndani mna nini? Ukifungua ukakuta kitu gani, utasema umedanganywa? Majibu yake yatakufundisha kupima jalada kuliko maneno yangu yote. Na siku utakapotunga kitu chako mwenyewe, ukamwita mtu akione, yakumbuke maswali hayo kabla hujachagua rangi.